Mama mkwe aliifunga shingo ya gauni langu la harusi hadi kidevuni, akasema padri ndiye aliyetaka

Wakuu, salaam zenu, pamoja na ninyi mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata like.

Naandika kutoka Lubumbashi. Kiswahili chetu mnakijua, mmeshakicheka humu mara nyingi. Nitajitahidi kuandika kama ninyi, ila watu wa kisa hiki nitawaacha waseme kama wanavyosema kwetu, ambako watu ni bantu, kitu ni kintu na ndiyo ni njo, maana nikiwanyoosha sana sitakuwa nasema kweli tena. Na ninachokuja kusema ni kweli, kibaya na kizuri chake. Nilichobadili ni majina tu, kwa sababu mume wangu naye ana simu.

Nina hasira. Naitangaza mapema ili asije mtu kuniambia "dada punguza jazba". Jazba ndiyo imenifungulia huu uzi.

Kisa ni cha shingo ya gauni la harusi. Najua kuna mwanaume hapo ameshaanza kutafuta uzi mwingine. Kaka yangu, kaa kidogo, ya kwenu pia yamo.

Nianze na mwili wangu, kwa sababu bila huo hamtaelewa chochote.

Mimi ni mfupi wa shingo. Kifua kikubwa, mabega mapana, nimeyarithi kwa baba yangu aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Halafu pale chini ya shingo, mifupa ya mabega inapokutana, nina kovu. Limelala kwa upana kama mkufu.

Nilikuwa na goitre, yaani tezi ya shingo iliyovimba. Nikapasuliwa. Nikapona.

Ninafundisha biolojia shule ya sekondari. Niliporudi darasani baada ya upasuaji, msichana mmoja wa mbele akauliza, "Madame, balikukata?" Nikamwambia ndiyo, nikachora tezi ubaoni, nikawaonyesha ilipokuwa, nikawaambia kazi yake. Wakaandika. Tukaendelea na somo. Hakuna aliyeniuliza tena mpaka leo.

Hao ni watoto. Sasa njooni kwa watu wazima.

Wakati ule wa hospitali tayari nilikuwa na Héritier. Ndiye mume wangu sasa. Alikuwa anakuja na thermos ya uji, ananilisha kijiko kwa kijiko kwa sababu kumeza kulikuwa kunaniuma. Aliliona lile kovu likiwa na nyuzi na damu. Hakuwahi kugeuza uso. Nasema haya kwa sababu kuna mahali mtamchukia, na mimi nilimchukia, lakini huyo wa thermos naye alikuwepo.

Basi tukafika kwenye harusi. Mahari yalishapelekwa, familia zimeshakula pamoja, imebaki kanisa.

Gauni nilimpa fundi mmoja wa Naviundu, tunamwita ma Béa. Nilikwenda kwake na dada yangu mkubwa, yaya Clarisse. Ma Béa ana magauni ya mfano yanayoning'inia ukutani, anakuvalisha moja moja ili uone shingo ipi inakukubali, kisha ndiyo anakata kitambaa chako.

Mabibi harusi watarajiwa, hapa sikilizeni vizuri, ni ya bure.

Ya kwanza ilikuwa ile inayonyooka kutoka bega hadi bega, wenyewe wanaiita bateau. Kwa mwanamke mwembamba ni nzuri sana. Mimi mabega yangu yakawa kama kabati la nguo. Yaya Clarisse alicheka mpaka akakaa chini.

Ya pili ilikuwa ya umbo la moyo, isiyo na mikono. Kifua kilipendeza, siongopi. Lakini kila nikiinua mkono naipandisha, nikishusha mkono naipandisha. Harusi ya kwetu ni kucheza. Sikutaka kucheza huku nimeshika gauni kama mtu aliyeiba kuku.

Ya tatu ilifunga mpaka juu, lesi tupu, kola inafika kidevuni. Hiyo niliivaa nikaivua papo hapo. Kwanza, kifua na kidevu vilikutana, shingo ikapotea kabisa. Pili, na hili ndilo kubwa, tangu nipasuliwe siwezi kuvaa kitu kinachobana shingo. Hata foulard, yaani mtandio. Pumzi inakatika, moyo unaanza kukimbia. Nilimwambia ma Béa hivyo hivyo, kwa mdomo wangu, na yaya yupo.

Ya nne ilikuwa shingo ya V. Si ile ya kufika kitovuni, msinielewe vibaya. Ilikomea juu kabisa ya kifua, mabega yamefunikwa, mikono ya lesi mpaka kwenye kiwiko.

Nikajiangalia kwenye kioo, nikaona nina shingo. Wakuu, nimeishi miaka yote sikujua kama nina shingo. Uso ulirefuka, mabega yalitulia, kifua kikakaa mahali pake. Na kovu langu lilikuwa pale katikati, wazi, limenyooka. Sikuliona baya. Nililiona langu.

Nikaketi na gauni lile, nikainama kama nasalimia mzee, nikainua mikono yote miwili. Yaya akapanda juu ya stuli kuangalia kutoka juu kama kuna kinachoonekana kisichotakiwa. Hakuna. Fanyeni hivyo, msisimame tu mbele ya kioo kama picha ya pasipoti.

Tukakubaliana ni V. Ma Béa akachukua vipimo.

Siku ya kuvaa gauni likiwa na pini, mama yake Héritier alitaka aje kuona. Anaishi Kipushi, kule mpakani na Zambia. Kwa heshima tunamwita mama Astrid, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuja amependeza, pagne mpya ya kitenge, amebeba na beignets, yaani maandazi, za kutosha mafundi wote wa pale. Nasema ukweli, mpaka siku hiyo nilimpenda.

Aliniangalia kuanzia chini. Pindo, kiuno, mikono. Akafika juu.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini na hii?" Akapitisha kidole kwenye shingo yake mwenyewe, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Ni cicatrice yangu, mama."

"Najua ni yako. Minauliza utaifunika na nini."

"Sitaifunika, mama."

Akacheka kidogo, ile ya mtu anayemsamehe mtoto. "Mutoto yangu, mi sina na shida. Ni bantu. Bantu ya Kipushi bataanza kusema tulioa mugonjwa."

Tulioa. Wingi. Kama vile ukoo mzima utalala kitandani kwangu.

Nilimjibu taratibu kwamba mimi si mgonjwa, nilikuwa mgonjwa. Akatikisa kichwa, akawagawia watu beignets, mambo yakaisha. Nilidhani yameisha.

Siku chache baadaye akanipigia simu. Sauti tamu kabisa.

"Mutoto yangu, nilifika ku paroisse. Père anasema mabibi-harusi bote bafunge mpaka ku shingo. Ni sheria mpya. Shingo wazi hataibariki."

Sisi ni Wakatoliki wa zamani. Kwetu babu alibatizwa, baba alibatizwa, mimi nimekulia kwenye kwaya. Ukiniambia padri amesema, natii kabla sijauliza. Lakini nikamwambia, "Sawa mama, nitakwenda kumuuliza mwenyewe."

"Usimusumbue Père. Nilisha kumuuliza mi."

Nikamwambia Héritier. Akashusha pumzi. "Tumufurahishe tu mama, chérie. Ni siku moja."

Ni siku moja. Hilo neno nitalikumbuka. Wanaume, wanaobanwa shingo wangekuwa nyie, siku moja ingekuwa ndefu sana.

Nikamwambia hapana, gauni libaki lilivyo mpaka nimwone padri. Akasema sawa. Alisema sawa, wakuu, shikeni hapo.

Wiki iliyofuata tukaenda na yaya kwa ma Béa kuvaa gauni lililokamilika. Akalitoa kwenye mfuko, akalishika juu ya kichwa chake ili lisiguse sakafu.

V haipo.

Lesi imejaza pale mbele yote, imepanda, imegeuka kola, imefika juu, na nyuma ya shingo kuna safu ya vifungo vidogo vidogo vimebana kama meno.

Nikauliza, "Ma Béa, hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Nani alikuambia ufunge?"

Akamwangalia yaya, akaniangalia mimi. "Mama mukwe wako alipitaka hapa na bwana yako. Balisema mulisha kubaliana. Mi nilijua unajua."

"Namba yangu uko nayo."

Akashika pindo la gauni akaanza kulinyoosha, na halikuwa na mkunjo. Simtetei. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba sipumui nikibanwa shingo. Alisikia. Lakini alipokuja mama mwenye pagne mpya na mwanaume pembeni, maneno yangu yakawa hewa.

Nikasema basi nilivae, angalau nione walichokitaka.

Vifungo vilipofika juu nikajiona kwenye kioo. Mto wa kulalia uliofungwa kamba mdomoni, ndivyo nilivyokuwa. Kifua kimepanda, uso umekaa juu yake bila kitu cha kuushika. Halafu nikameza mate. Yakagoma kushuka. Nikajaribu kuvuta pumzi, ikaishia njiani. Nilimsikia yaya Clarisse akisema "fungua, fungua", ma Béa anahangaika na vifungo, vidole vyake vinateleza, mwishowe yaya akaingiza vidole viwili kwenye kola akavuta. Vifungo viwili vikaruka. Nikakaa chini sakafuni na gauni jeupe, nahema kama niliyetolewa mtoni.

Pale sakafuni ndipo hasira ilipoingia. Sio kilio. Kilio kilikuja baadaye.

Tukatoka pale moja kwa moja mpaka parokiani. Padri alikuwa nyuma ya kanisa na mafundi, wanaangalia mahali paa linapovuja. Nikamsubiri amalize. Kisha nikamuuliza kama ni kweli amekataza magauni yenye shingo wazi.

"Nani anasema vile?" akauliza.

"Mama mukwe wangu, Père. Anasema alikuya kukuuliza."

Akafikiri. "Mi sijaongea na mama mukwe wako tangu siku ile mulileta majina. Kwa mabibi-harusi minaombaka bintu mbili tu. Mabega yafunikwe, na bantu bafike saa. Hii ya pili hakuna mwenye kuisikia."

Yaya akamwonyesha picha ya gauni lilivyokuwa na V, ipo kwenye simu yake. Padri akaitazama, akarudisha simu. "Iko sawa. Njo hii tu mulikuya kuuliza?"

"Njo hii tu, Père."

Nikaanza kulia mbele ya mafundi wa paa. Akauliza kama nataka aongee na familia ya bwana harusi. Nikamwambia hapana, hii ni yangu.

Mnaelewa lakini? Mtu alichukua jina la padri akalifanya pini ya kunibania shingo. Mama wa chama cha Mama Maria, anayevaa medali kifuani. Kama angeniambia tu "sipendi kovu lako", ningeumia na ningejua nimesimama wapi. Yeye akamtuma Mungu.

Siku hiyo hiyo jioni tulikuwa na miadi na Héritier kule Karavia, kuangalia bustani tutakayofanyia sherehe. Alifika na furaha, anaonyesha meza zitakaa wapi, orchestra itakaa wapi. Nikamwacha amalize. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, akaagiza sucré mbili, yaani soda.

"Ulienda kwa ma Béa?"

Akaweka chupa mezani. "Nilimusindikiza tu mama."

"Alisema tulisha kubaliana. Ulisikia?"

Akaizungusha chupa mezani.

"Héritier. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na we ulisema nini?"

"Sikusema kintu."

Kwa hiyo hakudanganya. Alikaa tu pembeni ya uongo kama abiria kwenye gari la mtu mwingine. Nawaambia kitu, wanaume wa humu: huyo ndiye anayeumiza zaidi. Mama yako ana sababu zake, hata kama ni mbovu. Wewe umekaa pale na mikono mapajani, sababu yako ni nini?

Nikamwambia, na hapa sauti yangu haikuwa kubwa: "Wakati ulikuwa unanilisha uji, ilikuwa na nyuzi na damu. Haukukuwa na haya. Leo imepona, njo uko na haya?"

Akafunika uso kwa viganja. Akasema si yeye, ni mama, mama hatalala, mama ataanguka presha, mama, mama.

"Kesho tunaenda kwa ma Béa," nikasema. "We njo utasema afungue. Haina mi. We. Na kama mudomo wako haiwezi kusema vile, tafuta bibi mwenye kuweza kuvaa ile kola."

Nikanyanyuka, nikapanda taxi, sucré sikuigusa.

Alikuja. Hilo namhesabia. Kesho yake nilimkuta amefika Naviundu kabla yangu, amesimama mlangoni kwa ma Béa kama mwanafunzi aliyechelewa. Akaingia, akasema mbele ya mafundi wote, "Mufungue kama vile alitaka. Tulidanganya." Alisema "tuli-", si "nili-". Nikaukubali wingi huo.

Ma Béa alifumua lesi uzi kwa uzi. Zilibaki alama za sindano kwenye kitambaa, akazifunika kwa ukanda mwembamba unaofuata V. Nikawa na gauni langu tena.

Harusi ilifungwa. Niliingia kanisani na V yangu, na kovu langu, na mkono wa baba yangu ambaye hajui mpaka leo nini kilitokea. Mbingu haikushuka. Watu waliangalia viatu, nywele, keki, nani amekuja na nani. Kama kuna waliosema juu ya shingo yangu, walisema wakiwa wanakula, na walikula vizuri. Mama Astrid alikaa benchi la mbele amenyoosha midomo. Kwenye picha za familia alisimama pembeni yangu, na mkono wake uliniegemea kwenye mgongo. Nikasema basi, tumevuka.

Sasa njooni kwenye Jumapili iliyopita.

Mama Astrid alituita Kipushi kula. Alikuwa na wageni, akina mama wenzake wa chama na majirani. Tulipoingia sebuleni nikaona ukutani, juu ya televisheni, picha yetu ya harusi. Kubwa, fremu ya dhahabu, bado ina nailoni kwenye kona.

Nikatabasamu. Kisha nikasogea.

Yule mwanamke kwenye picha ana uso wangu, na taji langu, na maua yangu. Lakini shingo ni laini kama yai. Na gauni limefungwa. Wamechora lesi kwa kompyuta, imepanda kutoka kifuani mpaka kidevuni, maua madogo madogo, kazi safi kabisa. Kola ile ile niliyoketi nayo sakafuni nikitafuta pumzi. Wamenivalisha bila mimi kuwepo.

Nikamgeukia Héritier. Alikuwa anaangalia zulia.

Alijua. Ndiye aliyemtumia mama yake picha. Anaapa hakujua zitafanywa nini, na hilo naweza kuamini. Lakini alikuja Kipushi peke yake wiki mbili kabla, akaiona ukutani, akarudi nyumbani, akala chakula changu, akalala, hakusema kintu.

Nikavuta kiti, nikapanda, nikaishusha. Akina mama wakaacha kuongea. Nikaiegemeza ukutani, uso umeangalia tofali.

Mama Astrid akatoka jikoni. "Unafanya nini?"

"Huyu muntu simujui, mama."

"Hii ni nyumba yangu."

"Na ile ni shingo yangu. Mulinifunga kwa ma Béa, mulinifunga kwa jina ya Père, nikafungua. Sasa munanifunga na mu picha? Nikikufwa, mu sanduku pia mutaniwekea kola?"

Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya wageni, na sauti ilikuwa kubwa. Akaingia chumbani akafunga mlango. Wageni wakawa wanazisoma sahani zao. Héritier akasema jina langu, mara moja tu. Nikatoka nje nyuma ya nyumba ili nisiseme mengine.

Nyuma kulikuwa na tantine Odette, mdogo wake mama Astrid. Anaishi pale. Tulikuwa tumesalimiana mara mbili tatu, ni mtu wa jikoni, haketi na wageni. Kwenye harusi hakuja, walisema amebaki kulinda nyumba. Alikuwa ameinama kwenye beseni anaosha sufuria, jua kali, na foulard imezungushwa shingoni mpaka chini ya masikio.

Akapangusa mikono. "Nionyeshe ile ya kweli," akasema.

Nikatoa simu, nikafungua picha. Akaishika karibu na macho. Nikamkuzia pale shingoni. Akaangalia muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo, kwa upole, kama angeweza kuniumiza.

"Ilikuuma?"

"Siku za mwanzo, tantine. Kiisha ikaacha."

"Ile dokta wa Lubumbashi, anapokeaka na bantu bakubwa?"

Sikumwelewa. Akaangalia mlango wa jikoni, kisha akalegeza foulard kidogo tu, upande mmoja. Wakuu, uvimbe uliokuwa pale ulikuwa mkubwa kuliko ngumi yangu. Ulikuwa umelisukuma koo pembeni. Ndipo nikagundua kwa nini sauti yake huwa ya kukwaruza, na kwa nini analala amekaa, jambo ambalo Héritier aliwahi kunisimulia kama kichekesho cha nyumbani.

Akanieleza kwa maneno machache. Aliolewa Likasi akiwa msichana. Shingo ilipoanza kuvimba, wakwe walimrudisha na godoro lake, wakasema hawakuoa mgonjwa. Dada yake akampokea. Dada yake ndiye aliyemnunulia foulard ya kwanza.

"Yaya alisema nifunike, bantu basahau," tantine akasema. Akafunga tena fundo. "Balisahau kweli."

Mimi, niliyekuwa napiga kelele sasa hivi, nilisimama na simu mkononi kama mjinga.

Sasa najua mama Astrid aliogopa nini. Alishaona mwanamke wa damu yake anarudishwa na godoro. Mnategemea niseme kwamba nilipojua hivyo hasira ilipoa. Haikupoa. Ilizidi. Waliomrudisha tantine ni wakwe wa Likasi, lakini aliyemweka nyuma ya nyumba na sufuria, mwaka baada ya mwaka, hospitali ipo hapo Lubumbashi, ni dada yake anayempenda. Na kwa upendo huo huo alitaka kunivalisha mimi.

Tangu Jumapili nyumba yangu ni kimya. Familia imetuma ujumbe: Jumamosi niende Kipushi na pagne, nipige magoti, niombe radhi kwa kumwaibisha mama mbele ya wageni. Héritier anasema niende tu, yaishe. Ni siku moja.

Nimemjibu hivi. Kwa zile kelele mbele ya wageni nitaomba radhi, mama ni mama. Kwa kuishusha ile picha, sitaomba. Nimeshachapisha ile ya kweli, nitampelekea na fremu. Akitaka aitundike, akitaka aiweke chini ya kitanda. Yule mwanamke wa kola asirudi ukutani. Na kabla ya Jumamosi tantine Odette atakuwa ameshaonwa na daktari, hata kama mama Astrid ametuma neno kwamba nataka kuivua nguo familia nzima.

Héritier alimaliza kula, akaosha mikono. Kisha akauliza gari liwe Kipushi saa ngapi kumchukua tantine. Sijui kama hiyo ni njia ya kuomba msamaha. Nimeipokea kama usafiri.

Nililojifunza, kwa mabibi harusi mnaonisoma: shingo nzuri ya gauni ni ile inayokuacha upumue, ucheze na umeze mate. Mkiwa kwa fundi, angalieni kioo, halafu angalieni anayesema "bantu bataanza kusema" ni nani, maana mara nyingi hao bantu hawapo, yupo yeye tu. Na mwambieni fundi kwa maandishi kwamba hakuna wa kubadilisha kitu ila nyie.

Wenye ndoa za muda mrefu, niambieni bila kunionea huruma: niende na pagne au nisiende? Na wanaume, kuna aliyewahi kukaa kimya kama wangu? Ulikuwa unafikiria nini? Nataka kujua kweli, sio kukutukana. Labda kidogo.

Jana mchana tantine Odette alinipigia kwa simu ya jirani. Alikuwa ananong'ona. Alikuwa na swali moja tu, siku ya daktari avae nini.

Nikamwambia avae chochote anachopenda, ila chenye shingo wazi, daktari apate kuona.

Kisha akaniuliza kama nina nguo ya namna hiyo ya kumwazima, kwa sababu yeye hana hata moja.